Taswira Tangulizi: Jengo, Jua na Miti ya Soy

Anayetaka kujenga Soy leo, kule ambako barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale hupita katikati ya mashamba ya mahindi, huenda akaiona nyumba yake kabla msingi haujachimbwa. Msanifu majengo humwekea mbele kioo cha kompyuta: kuta zimeshapakwa rangi, paa limeezekwa, gari limeegeshwa, nyasi zimekatwa. Wenye kazi hiyo wanaiita “thri-di”. Jina hilo linaeleweka, ila linataja umbo tu. Halisemi jambo kubwa kuliko yote, yaani kwamba kinachoonekana hakipo bado.

Napendekeza tuseme taswira tangulizi. Picha, kwa mazoea yetu, hupigwa, na kamera haipigi kisichokuwapo. Taswira ni ndugu wa sura. Maneno yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kutia kitu umbo, na wahakiki wetu wa fasihi wamelizoea neno hilo kwa maana ya kile ambacho msomaji hukiona akilini. Tangulizi linaongeza wakati: taswira imetangulia, jengo litafuata, likifuata. Kwa mtu anayelipia nyumba ambayo haijajengwa, tofauti hiyo ina uzito wa fedha.

Ndani ya istilahi hiyo zimo nyingine mbili, utungo na mandhari, na hapo ndipo kazi ya kuboresha taswira ya nje ya jengo inapofanyika.

Utungo ni mpangilio wa vitu ndani ya fremu. Kitenzi chake tunakijua: shanga hutungwa, shairi hutungwa, na kila kimoja kina mfuatano unaokishikilia. Katika taswira, mtunzi huamua jicho lisimame wapi, litangulie kuona nini na liishie wapi. Wengi huinua kamera ya kompyuta hadi usawa wa paa, au hupanua lenzi mpaka ploti ya futi 50 kwa 100 ikaonekana kubwa kama uwanja wa shule. Mimi nashikilia kimo cha jicho la mtu aliyesimama, mita 1.6 hivi kutoka chini, na kuta zisimame wima bila kuinamia katikati. Mlangoni awekwe mtu wa kimo cha kawaida ili ukubwa wa nyumba usomeke wenyewe. Vitu vya mbele viwe vichache. Gari la kifahari lililowekwa mbele ya baraza linauza gari, wala haliuzi baraza.

Lakini kosa linaloharibu taswira nyingi za huku kwetu liko kwenye jua. Soy iko karibu sana na ikweta, upande wa kaskazini, pungufu ya digrii moja. Adhuhuri ya jua huku hufika yapata saa sita na dakika arobaini mchana. Mwezi Juni wakati huo jua huwa upande wa kaskazini, na mwezi Desemba huwa kusini, na mara zote mbili liko juu sana, zaidi ya digrii 65 kutoka upeo wa macho. Ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 1.3 tu. London, adhuhuri ya Desemba, ukuta huohuo ungetupa kivuli cha zaidi ya mita 11. Programu ya kutengenezea taswira inayoachwa na mipangilio iliyokuja nayo, bila kuambiwa mahali jengo lilipo, inaweza kumpa mteja wa Soy vivuli virefu vya mchana wa Ulaya na ukuta wa kaskazini usioguswa na jua la adhuhuri mwaka mzima. Mteja ataupangia ukuta huo chumba cha kulala akidhani kitakuwa na ubaridi, kisha Juni jua limpigie dirishani.

Jioni nayo hughushiwa. Ule mwanga wa samawati unaopendwa sana, taa zikiwaka ndani na anga bado ina rangi, katika nchi za kaskazini hukaa muda mrefu wakati wa kiangazi. Kwenye ikweta jua hutua karibu wima, na mwanga huo ukipatikana ni wa dakika ishirini hivi. Si vibaya kuuonyesha. Vibaya ni kuufanya uwe ndiyo taswira pekee, kwa sababu mwenye nyumba ataishi na nyumba yake mchana.

Mandhari linatokana na mzizi wa kutazama, uleule uliotupa nadharia. Kwa hiyo linafaa sana kwa kinachoonekana kwenye taswira. Kwa kazi ya ardhini yenyewe, kusawazisha udongo, kuchimba mitaro ya maji ya mvua na kupanda, naona afadhali tuseme utengenezaji wa kiwanja. Neno “upambaji” nalikataa katika sehemu zote mbili, maana linawafundisha watu kwamba miti ni urembo wa kubandika mwishoni.

Na miti yenyewe ni ipi? Maktaba za programu hizi zimejaa miti ya nchi za baridi, na asiyeipenda hukimbilia minazi. Mnazi ni wa Malindi. Kwenye uwanda wa Uasin Gishu, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haustawi. Soy ina msaipresi, mkaratusi, mgrevilea, jakaranda, ua la kayaba, na kifabakazi wenye maua ya rangi ya chungwa iliyokolea, ambao Wakenya wengi huuita Nandi flame. Nyuma ya nyumba lazima liwepo shamba. Machi na Aprili ni udongo uliolimwa. Kufikia Julai mahindi ya jirani yameshapita kimo cha mtu na kuziba dirisha la chini. Baada ya mavuno yanabaki mabua makavu. Mtunzi achague mwezi mmoja na auheshimu, mpaka kwenye rangi ya vumbi la maramu.

Humphry Repton, msanifu wa bustani wa Uingereza aliyefariki mwaka 1818, aliwatengenezea wateja wake vitabu vya rangi za maji vyenye kipande cha karatasi cha kufunua. Kabla ya kufunua mteja aliona shamba lake lilivyo. Akifunua, aliona litakavyokuwa. Ndilo ningelidai kwa kila taswira ya Soy: picha ya ploti ilivyo leo, iliyopigwa kutoka palepale kamera ya kompyuta iliposimama, na taswira mbili za nyumba, moja ikiwa na miche ya mwaka wa kwanza inayofika magotini, nyingine ikiwa na miti ya mwaka wa kumi, na kila moja iandikwe chini yake mwezi, saa na umri wa miti.