Riwaya zilizomtunza Doctor Who

Tarehe 6 Desemba 1989, BBC ya Uingereza ilirusha kipindi cha mwisho cha mfululizo wa awali wa Doctor Who, tamthilia iliyoanza Novemba 1963. Miaka ikapita, na Doctor, yule msafiri wa nyakati mwenye kibanda cha buluu cha polisi asirudi kwenye skrini. Waliompenda wakamfuata vitabuni.

Njia ya vitabuni waliijua zamani. David Whitaker, mhariri wa kwanza wa hadithi za tamthilia hiyo, alitoa riwaya ya Doctor Who mwaka 1964. Kuanzia 1973, vitabu vyembamba vya chapa ya Target vikawa vinasimulia upya visa vilivyokwisha kuonyeshwa. Wakati huo video ilikuwa haijaenea majumbani, na kanda nyingi za miaka ya 1960 BBC yenyewe ilizifuta. Aliyepitwa na kipindi, tegemeo lake lilikuwa kitabu. Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60.

Juni 1991 mambo yakageuka. Kampuni ya Virgin ilianzisha New Adventures, riwaya zenye visa vipya kabisa, zikiendelea kutoka pale televisheni ilipoachia. Ya kwanza ilikuwa Timewyrm: Genesys ya John Peel. Mhariri Peter Darvill-Evans alifanya jambo ambalo wachapishaji wengi hulikwepa: alipokea miswada hata ya watu ambao hawajawahi kuchapishwa. Hivyo mashabiki waliokulia kwenye vitabu vya Target wakashika kalamu wenyewe. Mwaka huohuo Paul Cornell alitoa riwaya yake ya kwanza. Mark Gatiss akafuata na Nightshade mwaka 1992, na Russell T Davies akaandika Damaged Goods mwaka 1996.

Uhuru wa riwaya hizo unaonekana vizuri katika Human Nature ya Cornell, ya mwaka 1995. Humo Doctor anajigeuza binadamu, anasahau yeye ni nani, na anakuwa mwalimu wa shule ya wavulana Uingereza mwaka 1914, vita kuu ikibisha hodi. Anampenda mwalimu mwenzake, Joan. Maadui wanapofika, inambidi mtu huyo mpole aamue kama yuko tayari kuacha kuwepo ili Doctor arudi. Kisa hakikuhitaji mapambo ya gharama, na kurasa zilimpa mwandishi nafasi ya kukaa ndani ya moyo wa mtu anayeogopa kupoteza mapenzi yake.

Tamthilia iliporejea tarehe 26 Machi 2005, aliyeiongoza alikuwa Russell T Davies. Cornell na Gatiss waliandika vipindi katika msimu huohuo wa kwanza. Mwaka 2007 Human Nature ikawa kipindi cha sehemu mbili, David Tennant akiwa Doctor, na Cornell mwenyewe akiwa mwandishi wake.

Riwaya za namna hii hudharauliwa na kuitwa makombo ya televisheni. Doctor Who inakanusha hilo waziwazi, maana skrini ilipozima, vitabu ndivyo vilivyoendelea kupika, na ilipowaka tena ikaja kula mezani kwao. Riwaya hizo zinastahili nafasi katika historia ya bunilizi za kisayansi, kwa ubora wa zilizo bora, na kwa kuwa ziliwaamini wasomaji wakawa waandishi.