Saturn V na N1: Mila Mbili za Kuelekea Mwezini

Tarehe 3 Julai 1969, siku 17 kabla ya Wamarekani kutua Mwezini, roketi ya Kisovieti N1 ilinyanyuka kutoka kituo cha Baikonur, ikaishiwa nguvu baada ya sekunde chache, ikaangukia jukwaa lake la kurushia na kulilipua. Wengi hueleza kushindwa kwa N1 kwa wingi wa injini: 30 katika hatua ya kwanza, ilhali Saturn V ya Marekani ilikuwa na 5. Maelezo hayo hayatoshi. Mila mbili za uhandisi zilizozaa roketi hizi zilitofautiana zaidi katika swali la wapi makosa yagunduliwe: ardhini au angani.

Kwa umbo zilikaribiana. Saturn V ilikuwa na urefu wa mita 110, N1 mita 105. Hatua ya kwanza ya kila moja ilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa pamoja na oksijeni kimiminika. Katika hatua za juu Wamarekani walitumia haidrojeni kimiminika, inayotoa msukumo mkubwa zaidi kwa kila kilo. Wasovieti waliendelea na mafuta ya taa. Ndiyo maana N1, japo ilikuwa na msukumo mkubwa zaidi wakati wa kuruka, ingepeleka mzigo mdogo zaidi Mwezini.

Injini ya F-1 ya Saturn V, yenye msukumo wa tani 680 hivi, iliwatesa waundaji wake. Moto ndani ya chumba cha mwako uliyumba, na injini zikaharibika majaribioni. Wahandisi walilipua mabomu madogo ndani ya chumba hicho injini ikiwa inaunguruma, wapime kama moto utatulia wenyewe, na wakabadilisha sahani ya kunyunyizia mafuta hadi ukatulia. Hatua za kwanza nazo ziliwashwa nzimanzima zikiwa zimefungwa ardhini, Huntsville na kisha Mississippi. Kwa hiyo George Mueller wa NASA alipoamua mwaka 1963 kwamba roketi ijaribiwe angani ikiwa kamili tangu safari ya kwanza, uamuzi huo ulikuwa na msingi. Safari ya Novemba 1967 ilifaulu. Ya pili, Aprili 1968, ilitikisika vibaya na injini mbili zikazimika. Ya tatu, Desemba 1968, ilibeba watu watatu hadi kuuzunguka Mwezi.

Upande wa Wasovieti kulikuwa na vuta nikuvute. Valentin Glushko, mtengenezaji mkuu wa injini, alitaka mafuta yanayojiwasha yanapokutana. Sergei Korolev, mbunifu mkuu wa N1, aliyakataa kwa sababu ni sumu. Korolev akamwendea Nikolai Kuznetsov, bingwa wa injini za ndege asiye na uzoefu wa injini kubwa za roketi; hapo ndipo zilipotokea zile injini ndogo 30. Idhini ya kupeleka mtu Mwezini ilitolewa mwaka 1964, miaka mitatu baada ya Rais Kennedy wa Marekani kutangaza lengo hilohilo. Jukwaa la kuwashia hatua ya kwanza nzima halikujengwa. Injini zenyewe zilikuwa na vali za baruti zinazotumika mara moja, hivyo chache zilijaribiwa na nyingine za kundi lilelile zikapelekwa angani bila kuwashwa. Korolev akafariki Januari 1966. Kati ya 1969 na 1972 N1 iliruka mara nne, na mara zote ilipotea kabla ya hatua ya kwanza kumaliza kazi. Mwaka 1974 ikasimamishwa.

Kuznetsov anastahili haki yake. NK-33, iliyofuata, ilirudisha gesi iliyozungusha turbini ya pampu zake kwenye chumba kikuu cha mwako, jambo ambalo F-1 haikulifanya. Wamarekani walizinunua injini hizo miaka ya 1990, na mwaka 2013 zikarusha roketi ya Antares, ingawa ajali ya 2014 ilikatisha matumizi yake kwenye roketi hiyo. Umahiri haukukosekana Kuibyshev, mji alikofanyia kazi Kuznetsov.

Wingi wa injini pia umesafishiwa jina. Starship, roketi ya kampuni ya SpaceX, hutumia 33 katika hatua ya kwanza. Ilivunjika angani Aprili 2023, lakini Oktoba 2024 hatua hiyo ilirudi na kudakwa na mnara wake. Kabla ya safari ya kwanza, injini 31 kati ya 33 zilikuwa zimewaka pamoja roketi ikiwa imefungwa ardhini. SLS, roketi ya NASA ya kurudi Mwezini, imebaki kwenye mila ya Saturn: hatua yake kuu iliwashwa Mississippi kwa dakika nane Machi 2021, na mwaka uliofuata ikafaulu katika safari yake ya kwanza.

Naamini kujifunzia angani ni njia halali, mradi kila injini ionje moto kwanza ardhini, na roketi nyingine iwe tayari upesi. Wahandisi wa N1 walinyimwa yote mawili, kwa uhaba wa fedha, muda na maelewano ya wakubwa wao. Kwa hiyo yeyote anayeunda leo roketi ya kubeba watu hadi Mwezini aulizwe kwanza ni nini kimekwisha kuwashwa ardhini, na kama mhandisi anayesema "bado" anasikilizwa.