Mwili Unaokataa Kileo

Msomaji, huenda umepata kumwona mtu aliyekunywa kikombe kimoja tu cha pombe, na mara uso ukamwaka moto, moyo ukamwenda mbio, na kichwa kikamgonga hata akaenda kujilaza kivulini. Huenda uliyaona hayo Nawoitorong, karibu na mji wa Lodwar, au huko Kakuma. Wenzake humcheka kuwa ni mnyonge, na wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Sivyo hata kidogo.

Waturkana ni watu wa mifugo, na chakula chao cha asili ni maziwa, damu na nyama. Pombe yao, ng'agwe, hutengenezwa kwa mtama, nao mtama huota penye maji tu, kama kandokando ya mto Turkwel. Kwa hiyo zamani haikuwa rahisi kuinywa kila siku. Pombe kali za kukenekwa zina habari nyingine. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia pombe kali zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Kenya huru ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980, kisha sheria ya 2010 ikaiondoa marufuku hiyo na kuweka masharti mahali pake.

Lakini sheria hizo zote hazikueleza kwa nini mmoja hunywa akacheka na mwingine akaugua. Mwaka 1906 tabibu wa Vienna, Clemens von Pirquet, alibuni jina la lile jambo tunaloliita leo mzio, yaani kinga ya mwili kukidhania kitu kisicho na madhara kuwa ni adui. Mwenye mzio wa kinywaji mara nyingi hakichukii kileo chenyewe, bali nafaka au chachu iliyomo. Avimbaye midomo kwa kula mtama, pombe ya mtama itamdhuru pia.

Wengine hawana mzio. Shida yao imo katika ini. Kimeng'enya cha kwanza hugeuza kileo kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, na cha pili huigeuza sumu hiyo kuwa asidi kama ile ya siki. Cha pili kikiwa dhaifu, sumu hujikusanya. Watu wengi wa Uchina, Japani na Korea huzaliwa hivyo. Kwa Waafrika udhaifu huo ni nadra sana, ila baadhi yetu tuna kimeng'enya cha kwanza chenye mbio zaidi. Wadenmaki wawili, Jens Hald na Erik Jacobsen, waliujua ubaya wa sumu hiyo kwa bahati tu: walikuwa wakijaribu disulfiramu kuwa dawa ya minyoo, wakaimeza wenyewe, na pombe kidogo ikawaugueza. Mwaka 1948 walitangaza habari hiyo, na dawa ya minyoo ikawa dawa ya walevi!

Sasa nakusihi, msomaji, usichanganye mambo hayo na methanoli. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo, na Mei 2014 wengi wakafa katika kaunti mbalimbali za Kenya, na wengine wakapofuka. Hao hawakuwa na miili dhaifu. Kimeng'enya kile kile cha kwanza huigeuza methanoli, na mwisho wake ni asidi ya fomiki, inayoharibu mshipa wa macho. Daktari hukishughulisha kimeng'enya hicho kwa dawa maalumu, ili sumu itoke mwilini kabla haijageuzwa. Lakini dalili huweza kukawia saa 12 hata 24, na jamaa hudhani mgonjwa analala ulevi wake. Akiamka akisema macho yameingia ukungu, apelekwe hospitali saa ile ile, maana kutoka Kakuma hadi Lodwar peke yake ni kama kilometa 120.