Mwandishi Kuwa Mchapishaji: Kutoka Riwaya Pendwa za Dar es Salaam hadi Kitabu cha Kielektroniki

Uchapishaji binafsi wa bunilizi kwa njia ya kielektroniki huelezwa mara nyingi kama zao la intaneti peke yake. Historia ya riwaya ya Kiswahili inaonesha vingine. Katika Afrika Mashariki, mwandishi alianza kujichapishia kazi zake kabla ya kompyuta kuenea, na suala lililomkabili wakati ule lingali linamkabili leo: ni nani anayebeba hasara?

Mwaka 1974, riwaya ya A. E. Musiba, Kufa na Kupona, ilichapishwa na East African Literature Bureau, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1948 na yenye makao yake Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwandishi wa Tanzania aliyezoea kutegemea wachapishaji wa Nairobi alijikuta ametengwa nao. Vita vya Kagera vya mwaka 1978–1979, pamoja na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata, viliifanya karatasi kuwa adimu. Katika mazingira hayo, kitabu cha shule kilikuwa na soko la uhakika kuliko riwaya ya upelelezi au ya mapenzi.

Ndipo baadhi ya waandishi walipoamua kujichapishia. Musiba alizitoa kazi zake kupitia Continental Publishers, naye Ben R. Mtobwa akaanzisha Heko Publishers. Uhuru huo ulikuwa na gharama. Mwandishi alimlipa mpiga chapa kabla ya kuuza nakala hata moja, akatafuta wauzaji mwenyewe, na nakala zilizododa zikabaki kuwa mzigo wake. Aidha, wapo wahakiki walioziona riwaya pendwa kuwa duni, hivyo mwandishi hakuwa na jina la mchapishaji mkubwa la kumkinga.

Kitabu cha kielektroniki kiliahidi kuuondoa mzigo huo. Julai 2000, nchini Marekani, Stephen King alianza kuitoa riwaya yake The Plant sehemu kwa sehemu katika tovuti yake. Mwanzoni aliomba dola 1 kwa kila sehemu, akaahidi kuendelea iwapo angalau asilimia 75 ya wanaoipakua wangelipa. Baada ya sehemu sita, mwezi Desemba, aliisitisha, na riwaya haikukamilika. Hapakuwa na karatasi wala ghala, lakini hata mwandishi mashuhuri hakuwa na hakika ya kulipwa.

Novemba 2007, Amazon ilizindua kisomeo cha Kindle pamoja na huduma ya kuwawezesha waandishi kujichapishia. Andy Weir, aliyekuwa akiitoa The Martian bure sura kwa sura katika tovuti yake, aliiweka huko mwaka 2011 kwa senti 99. Ilipopata wasomaji wengi, Crown, mchapishaji wa kawaida, aliitoa upya mwaka 2014. Hapa utaratibu wa zamani umegeuzwa: msomaji hutangulia kuipima kazi, na mchapishaji hujitokeza hatari ikishapungua.

Kwa hiyo, teknolojia imeondoa gharama ya karatasi, lakini haijaondoa gharama ya uhariri, ya kumfikia msomaji wala ya kuaminiwa naye. Zote zimebaki kwa mwandishi, kama zilivyokuwa kwa Musiba na Mtobwa. Limeongezeka jambo moja. Riwaya iliyochapwa miaka ya 1980, hata kwa karatasi hafifu, inaweza kukutwa leo katika rafu ya maktaba au sandukuni mwa msomaji. Riwaya ya kielektroniki ikiondolewa sokoni na mwenyewe au na muuzaji, huenda isiache nakala yoyote kwa mtafiti. Maktaba na vyuo vikuu visipoanza kuzihifadhi kazi hizo sasa, historia ya riwaya ya Kiswahili ya karne hii itaandikwa ikiwa na pengo ambalo kipindi cha uhaba wa karatasi hakikuliacha.