UWB: Mawimbi yanayojua simu yako ilipo hata GPS ikishindwa

Ukiwa barabarani, simu janja inakuonyesha ulipo kwa kukosea mita chache tu. Ingia ndani ya jengo la ghorofa uone: kile kidoti cha buluu kinaanza kuhamahama. Mara uko duka la viatu, mara uko nje kwenye maegesho.

Satelaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,000. Mawimbi yake yanafika chini yakiwa dhaifu sana, na zege na mabati yanayazuia.

Teknolojia inayoziba pengo hilo ndani ya majengo ni UWB, yaani mawimbi ya redio ya bendi pana sana. Pasipo na kizuizi, inaweza kupima umbali kwa kukosea sentimita 10 hadi 30 hivi.

Inafanyaje kazi?

UWB inapima muda. Simu inatuma mpigo mfupi wa redio, kifaa kingine kinajibu, kisha simu inapiga hesabu ya muda wa kwenda na kurudi.

Mawimbi ya redio husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Saa ikikosea nanosekunde moja tu katika muda wa kwenda na kurudi, kipimo cha umbali nacho kinakosea kama sentimita 15.

Bluetooth na Wi-Fi mara nyingi hukadiria umbali kwa kuangalia nguvu ya mawimbi. Shida ni kwamba mtu akipita katikati, nguvu inashuka na kifaa kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo.

Kwa nini upana ni muhimu?

Ndani ya chumba, wimbi moja linakuja moja kwa moja. Mengine yanagonga kwanza ukuta, dari au kabati, ndipo yanafika, kama mwangwi. Umbali sahihi unatokana na lile la kwanza.

Mpigo wenye upana wa megahezi 20, ambao ni wa kawaida kwenye Wi-Fi, unachukua kama nanosekunde 50. Katika muda huo wimbi linasafiri mita 15, kwa hiyo mwangwi wa ukuta wa karibu unalifunika wimbi la kwanza. UWB inatumia angalau megahezi 500, na mpigo wake ni wa nanosekunde 2 hivi, sawa na sentimita 60. Hapo mwangwi unajitenga wenyewe.

Nguvu nyingi si suluhisho. Marekani iliporuhusu UWB mwaka 2002, kati ya gigahezi 3.1 na 10.6, iliweka kikomo cha chini sana cha nguvu ili isiingilie mawasiliano mengine.

Usahihi unaongezwaje?

• Vituo vya kutosha: Vinahitajika angalau 3 kujua mtu yuko wapi sakafuni, na 4 ukitaka kujua na kimo. Vizunguke eneo, visipangwe mstari mmoja.

• Viwekwe juu: Mwili wa binadamu umejaa maji na unazuia mawimbi. Chuma nacho ni tatizo.

• Kurekebisha vifaa: Mawimbi huchelewa kidogo ndani ya antena na saketi. Mafundi hupima umbali unaojulikana, tuseme mita 5, kisha wanaondoa tofauti.

• Kuchuja vipimo: Wimbi la kwanza likiwa hafifu kuliko yanayofuata, huenda kuna kizuizi katikati. Programu inakipa kipimo hicho uzito mdogo.

• Kusaidiana na vihisi vya mwendo: Mawimbi yakizibwa kwa muda, vihisi vya simu vinaendelea kukadiria hatua zako.

Si funguo zilizopotea tu

Wezi wa magari yanayofunguka bila kubonyeza funguo hutumia vifaa viwili kurusha mawimbi ya funguo kutoka ndani ya nyumba hadi kwenye gari. Gari linadhani mwenyewe yuko karibu. UWB inaufanya wizi huo kuwa mgumu, maana kurusha mawimbi kunaongeza muda, na umbali unaonekana mrefu zaidi.

Lakini haijawa kinga kamili. Mwaka 2022, watafiti wakiwemo wa ETH Zurich, Uswisi, walionyesha kuwa umbali wa mita 12 unaweza kusomeka kama sifuri. Walifanikiwa kwa hadi asilimia 4 ya majaribio.

Simu yako inayo?

iPhone nyingi kuanzia iPhone 11 ya mwaka 2019 zinayo, isipokuwa baadhi kama SE na 16e. Kwa Samsung ilianza na Galaxy Note20 Ultra mwaka 2020, na kwa Google ni Pixel 6 Pro ya mwaka 2021. Simu nyingi za bei nafuu bado hazina.

Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio utafute neno UWB. Lisipotokea, kuna uwezekano mkubwa simu yako haina chipu hiyo, na kusasisha programu hakutaiongeza.