Seli Zinazokufa Ili Mtoto Aone

Leo tunasimulia jinsi wataalamu walivyogundua kwamba jicho la mtoto hutengenezwa kwa seli kuzaliwa, na pia kwa seli kufa.

Seli ni vijisehemu vidogo sana vinavyounda mwili. Fundi akijenga kwa simiti huweka mbao za kuishikilia. Simiti ikikauka, mbao huondolewa, la sivyo nyumba haikaliki. Mwili nao hufanya hivyo tumboni.

Mwaka 1842, Carl Vogt aliona seli zikifa katika chura aliyekuwa bado anakua. Wengi hawakulijali jambo hilo. Mwaka 1951, Alfred Glücksmann wa Cambridge, Uingereza, alikusanya taarifa nyingi na kuonyesha kwamba vifo hivyo ni sehemu ya kawaida ya ukuaji, machoni pia. Mwaka 1972, Kerr, Wyllie na Currie wakakipa kifo hicho jina apoptosisi, neno la Kigiriki la majani kupukutika. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Sulston na Horvitz, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kuchunguza jambo hili katika mnyoo mdogo wa urefu wa milimita 1.

Katika jicho kazi hii huanza mapema. Kikombe cha jicho huwa na mwanya upande wa chini, nao hufungwa karibu wiki ya 7 ya mimba. Mishipa midogo ya damu hulisha lenzi inayokua, kisha hunyauka kabla ya mtoto kuzaliwa ili mwanga upite. Mwaka 1993, Lang na Bishop walionyesha kwa panya kwamba seli za usafi, zinazomeza mabaki, ndizo pia zinazoiamuru mishipa hiyo ife. Zilipoondolewa, mishipa ilibaki.

Kwa binadamu pia kazi hiyo huweza kukwama. Mwanya usipofungwa, mboni huweza kuonekana kama tundu la kufuli. Mishipa ikibaki, mboni huweza kuwa nyeupe. Mama, hiyo si laana, wala si kosa lako.

Lakini usikae nayo nyumbani. Weupe huo huweza pia kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambapo seli zinazopaswa kuacha kuzaliana huendelea tu. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingi jicho pia. Ikichelewa, huua.

Kwa hiyo angalia macho ya mtoto wako. Je, mboni ni nyeusi? Je, inang'aa nyeupe kwenye picha? Je, ana makengeza? Je, anafuata uso wako kwa macho? Kitabu cha kliniki cha Mama na Mtoto kina sehemu ya macho; mwombe muuguzi aijaze. Ukiona weupe, usitie dawa za mitishamba wala maziwa ya titi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo, uombe kupelekwa kwa daktari wa macho.

Mwambie na jirani yako.