Babu Yako Yuko Kwenye Daftari la Nani?

Vijana wengi wa kikimbizi hapa Kampala, ukiwauliza habari za ukoo wao, jibu ni moja: "Historia yetu iliungua." Nyumba ilichomwa, ofisi ya komini ilichomwa, na mzee aliyejua kila kitu alibaki kule. Ni kweli, mengi yameungua. Lakini si yote. Mkulima au kibarua wa zamani aliandikwa mara nyingi kuliko tunavyofikiri, na walioandika walikuwa na haja zao: serikali ilitaka kodi, shamba lilitaka mikono, kanisa lilitaka waumini. Hakuna aliyeandika ili sisi wajukuu tujue, lakini waliandika. Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: babu alipopita mahali fulani, nani alikuwa na sababu ya kumwandika?

Tuanze hapa hapa. Kuvuka mpaka kuja Uganda hakukuanza na vita vyetu. Tangu miaka ya 1920, maelfu kwa maelfu ya watu walitoka Ruanda-Urundi, kama Rwanda na Burundi zilivyoitwa chini ya Wabelgiji, wakaja Buganda kutafuta kazi. Walilima pamba na kahawa za Waganda, wengine wakakata miwa Lugazi, ambako kiwanda cha sukari kilianza 1924. Walikuwa wanatafuta pesa, na wengi pia walikuwa wanakimbia kazi za lazima, kodi na njaa. Jambo lilikuwa kubwa hata mwaka 1954 Audrey Richards, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya utafiti pale Makerere, akatoa kitabu kizima juu ya wafanyakazi hao. Kwa hiyo bibi akikwambia "baba yangu aliwahi kufanya kazi Uganda," usidhani ni hadithi za jioni tu. Muulize: kwa nani? Kilima gani? Alisali wapi?

Hilo la kusali lina maana kubwa, kwa sababu ya madaftari ya parokia. Kanisa Katoliki linapofungisha ndoa, padri anatakiwa kujua kila mmoja alibatizwa parokia gani. Halafu anatuma habari ya ndoa kwenye parokia hiyo, iandikwe kando ya jina la mtu kwenye daftari la ubatizo. Unaona mambo? Daftari la ndoa la Rubaga au Nsambya linaweza kukuonyesha parokia ya nyumbani, hata kama jina la kijiji limesahaulika. Na daftari la nyumbani linaweza kukuambia babu alioa Kampala mwaka gani. Tena sheria ya kanisa ya 1917 iliagiza parokia zipeleke nakala ya madaftari kwa askofu kila mwaka. Kwa hiyo parokia ikiungua, usikate tamaa kabla hujauliza kwa askofu. Kama familia ni ya Kianglikana, ulizia Namirembe, na pia Chuo Kikuu cha Kikristo kule Mukono, kunakotunzwa nyaraka za zamani za Kanisa la Uganda.

Kwa upande wa serikali, nyaraka za wakati wa ukoloni zilizokuwa Entebbe sasa ziko kwenye kituo cha kumbukumbu cha taifa, Wandegeya. Pale usitegemee kukuta jina la babu siku ya kwanza. Utakachokuta ni barua za maofisa, na hizo zinakusaidia kuelewa kwa nini watu walihama na walipita njia gani.

Sasa tatizo la majina. Kwetu watoto wa baba mmoja kila mmoja anaweza kuwa na jina lake, hakuna jina la familia kama la Wazungu. Ukitafuta kwa jina lako la mwisho, unaweza kumkosa hata baba mdogo wako. Halafu tahajia: aliyeandikwa na Mbelgiji Tshibanda, hapa ataandikwa Chibanda, na mwingine ataandika Cibanda. Rukundo anakuwa Lukundo. Na kwa Wakongomani kuna mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo. Yule aliyebatizwa Joseph mwaka 1955, kwenye kitambulisho cha Zaire hana Joseph tena. Kumbe ni mtu yule yule! Mwulize kila mzee majina yake yote, pamoja na lile la utani.

Kwa nini tuhangaike hivi? Kwa sababu kumjua babu si mapambo. Sheria ya uraia ya Zaire ya 1981 ilirudisha swali mpaka 1885: kabila lenu lilikuwa ndani ya nchi mwaka ule? Sheria ya Kongo ya 2004 ilileta swali mpaka uhuru, 1960. Kwa familia nyingi za Kivu, habari za mababu zilikuwa swali la kuwa na nchi au kukosa nchi.

Lakini karatasi hiyo hiyo inaweza kuua. Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho tangu miaka ya 1930. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno lile moja lilitosha kumfanya mtu auawe. Kwa hiyo ukipata hati ya mzee wako, usiipige picha na kuitupa kwenye magrupu. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mzee akinyamaza mnapomuuliza asili yake, msiandike "hajui." Huenda anajua sana.

Mwisho, tukumbuke kwamba na sisi tunaandikwa leo. Ile atestesheni ya familia kutoka OPM, na alama za vidole zilizochukuliwa nchi nzima mwaka 2018, ndizo wajukuu wetu watakazotafuta. Jina lako likikosewa leo, kosa hilo litarithiwa. Sheria ya Uganda ya kupata habari za serikali, ya 2005, inasema ni haki ya raia. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haiangalii uraia: unaweza kuomba kuona taarifa zako mwenyewe, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Peleka ombi kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye tarehe.

Ukienda Koja, kule Mukono kando ya ziwa, utakuta makaburi ya Wapolandi. Walikuwa wakimbizi wa Vita ya Pili ya Dunia, maelfu yao waliishi Koja na Nyabyeya, karibu na Masindi, tangu 1942. Walishaondoka zamani, lakini majina yao yapo pale, na wajukuu wana mahali pa kuanzia.

Wiki hii kaa na mzee mmoja. Andika majina yake yote, majina ya wazazi wake, mahali walipozaliwa na mahali waliposali. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti.